Kupima ubaguzi wa kijinsia na ustawi wa nafsi: ninavyofanya uwandani

Swali ninalolifanyia kazi ni hili: mtu anayeamini kwamba mwanamke yuko chini ya mwanaume, au anayeishi katikati ya watu wanaoamini hivyo, nafsi yake inakuwaje? Na je, shule aliyosoma, hali ya nyumba aliyozaliwa na desturi za ukoo wake zinabadilisha jibu? Linaonekana swali jepesi mpaka takwimu zirudi mezani. Hapo watafiti wengi hukutana na jambo la kutatanisha: wanawake wanaokubali zaidi kauli za mfumo dume wanaonekana kuwa na furaha zaidi. Ripoti inaandikwa hivyohivyo, na msomaji anaondoka akiamini kwamba mfumo dume hauna madhara. Karibu kila hatua ninayoieleza hapa ipo ili hitimisho hilo lisizaliwe na vipimo vibovu.

Kwa upande wa mitazamo natumia kipimo cha wanasaikolojia Peter Glick na Susan Fiske cha mwaka 1996. Kina kauli 22, kila moja ikijibiwa kwa alama 0 hadi 5. Kauli 11 zinapima ubaguzi wa chuki: kwamba wanawake wanataka kuwatawala wanaume, wanakuza mambo madogo, wanatumia mapenzi kuwafunga waume zao. Nyingine 11 zinapima ubaguzi wa hisani: kwamba mwanamke ana moyo safi kuliko mwanaume, anastahili kulindwa na kutunzwa, na mwanaume hajakamilika bila yeye. Ubaguzi wa hisani una matawi matatu, yaani ulinzi (kauli 4), kukamilishana (kauli 3) na ukaribu wa kimapenzi (kauli 4).

Sijumlishi kauli zote 22 kuwa alama moja. Sura hizi mbili hutembea pamoja lakini hazifanyi kazi moja. Mwaka 2000 Glick na Fiske pamoja na wenzao walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 15,000 katika nchi 19. Nchi zilizokuwa na wastani wa juu wa chuki ndizo zilizokuwa na wastani wa juu wa hisani. Nigeria, Afrika Kusini na Botswana zilikuwemo, na katika nchi hizo tatu pamoja na Cuba, wanawake waliikubali hisani kuliko hata wanaume. Maelezo waliyoyatoa nayakubali kwa sababu yanalingana na ninayoyasikia vibarazani: mahali ambapo wanaume ni wakali, mwanamke anayekubali kuwa chini ya ulinzi wa mmoja wao amejipatia ngao. Ameipima hali yake na kuchagua kinachomfikisha kesho. Haina maana kwamba ameridhika.

Kwetu Tanzania kuna takwimu inayofanana na hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 uliuliza kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu tano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akitelekeza watoto, akimnyima unyumba. Wanawake 58 katika kila 100 walikubali angalau sababu moja. Wanaume walikuwa 40. Anayesoma namba hizo bila kutenganisha kupenda na kuzoea ataandika kwamba wanawake ndio wanaotaka kupigwa.

Sasa dodoso lenyewe. Kauli za Glick na Fiske ziliandikwa kwa Wamarekani, na baadhi yake hazivuki bahari salama. Kauli sita kati ya 22 zimegeuzwa, yaani kuzikubali ni kukataa ubaguzi, na nyingi zina kikanushi ndani yake. Ukimsomea mtu wa Kiswahili "Wanawake hawatafuti kuwatawala wanaume, unakubali?" akajibu "Ndiyo", hujui amesema "Ndiyo, hawatafuti" au "Ndiyo, wanatafuta". Mdodosaji anaandika anachodhani, na kila mdodosaji anadhani lake. Ninachofanya ni kuandika upya kauli hizo zisiwe na "si" wala "ha", kisha nazipima upya. Kauli iliyogeuzwa ambayo bado haihusiani na wenzake, uhusiano wake na jumla ya kauli zilizobaki ukiwa chini ya 0.2 (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kwenda pamoja kabisa), naiondoa na kusema wazi kwenye ripoti kwamba nimeiondoa.

Kauli zinazotaja wanaharakati wa haki za wanawake zinaeleweka Dar es Salaam na Arusha mjini. Vijijini mhojiwa anafikiria shirika lililokuja kugawa taulo za kike, au mgombea wa viti maalumu, na anajibu kuhusu huyo. Iko pia kauli ya kuokoa wanawake kwanza kwenye maafa. Katika kingo za Ziwa Victoria kauli hiyo si ya kufikirika hata kidogo: MV Bukoba ilizama Mei 1996, na MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara Septemba 2018. Kuna kaya ambazo swali hilo linafukua kaburi. Kwenye maeneo hayo naitoa, na tawi la ulinzi nalijaza kwa kauli ya kwetu kuhusu nani atembee na nani usiku.

Naongeza kauli chache zilizotoka midomoni mwa watu wa eneo husika, na hizi ndizo zinazofanya kazi vizuri kuliko zote. "Mke akimzidi mumewe kipato anaota pembe" inapima chuki vizuri sana. "Mwanamke ni pambo la nyumba" inapima hisani. "Mwanaume halii" naiweka kwa ajili ya uchambuzi wa wanaume. Kuzipata nafanya vikao viwili kwa kila eneo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, watu 6 hadi 8 kila kikao. Baada ya hapo dodoso linatafsiriwa na watu wawili wasioonana, mtu wa tatu analirudisha kwenye lugha ya awali, kisha nawasomea watu 8 hadi 12 wa kila jinsia na kuwaomba waniambie kwa maneno yao kila kauli inauliza nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa fedha zikipungua. Bora kupunguza ukubwa wa sampuli kuliko kuiruka.

Jibu la alama 0 hadi 5 silisomi lote kwa mpigo. Mtu aliyeishia darasa la nne, akisomewa machaguo sita kwa mfululizo, anashika la kwanza au la mwisho. Nauliza kwa hatua mbili: "Unakubali au unakataa?" Akishajibu: "Kidogo, kiasi, au sana?" Machaguo sita yanapatikana bila kumlemea, na muda hauongezeki kwa kiasi cha kutisha.

Ustawi wa nafsi naupima kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani chenye maswali matano, cha mwaka 1998. Kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: ulikuwa mchangamfu, ulikuwa mtulivu, ulikuwa na nguvu, uliamka umepumzika, siku zako zilijaa mambo yanayokuvutia. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla inazidishwa kwa 4 ili ifike 100, na aliyepata 50 au chini anahitaji kuangaliwa zaidi. Ni kifupi na kinatumika bila malipo. Udhaifu wake unatokana na maisha, si na maneno. Mama anayenyonyesha hataamka amepumzika hata kama ndoa yake ni ya peponi, kwa hiyo lazima dodoso liulize kama kuna mtoto wa chini ya miaka miwili. Miezi ya kabla ya mavuno, ghala likiwa tupu, alama zinashuka kijiji kizima. Mwezi wa Ramadhani usingizi wenyewe unabadilika. Naandika tarehe ya kila mahojiano na sikusanyi data ya kata moja wakati wa njaa na nyingine wakati wa mavuno, maana hapo nitakuwa nalinganisha mahindi na siyo mitazamo.

Kipimo cha pili cha nafsi ni lazima, na sababu yake ndiyo kiini cha kazi yote. Maswali matano ya ustawi yote yameelekea upande wa heri: ukikubali, alama inapanda. Kauli za ubaguzi nazo, hasa baada ya kuondoa zilizogeuzwa, zimeelekea upande mmoja: ukikubali, alama inapanda. Sasa chukua mtu ambaye amelelewa kumwitikia mgeni mwenye kishkwambi na kitambulisho, "ndiyo" kwa kila neno. Atapata alama kubwa za ubaguzi na alama kubwa za furaha. Kusanya watu wengi wa namna hiyo na takwimu itakuonyesha kwamba wanaoamini mfumo dume ndio wenye furaha, wakati ulichopima ni adabu mbele ya mgeni. Na adabu hiyo haijagawanywa sawa. Inapatikana zaidi kwa aliyesoma kidogo, kwa mwanamke kuliko mwanaume, kwa maskini kuliko mwenye nacho, yaani palepale ambapo asili ya kijamii ndiyo unayotaka kuichunguza.

Dawa yake ni kuongeza kipimo kinachouliza dalili mbaya. Unaweza kutumia PHQ-9, dodoso la sonona lenye maswali tisa ya alama 0 hadi 3, ambapo jumla ya 10 na kuendelea ndiyo huashiria sonona inayohitaji tathmini. Kuna pia kipimo cha vifungu 19 ambacho Sylvia Kaaya na wenzake walikichapisha mwaka 2008 kutokana na maneno ya Watanzania wenyewe, na hicho kinawagusa watu ambao huzuni yao husemwa kwa mwili: mawazo mengi, moyo kwenda mbio, kichwa kuuma. Kisha angalia. Kama ubaguzi wa hisani unaenda na furaha nyingi na dalili chache, kuna jambo la kweli la kuchunguza. Kama unaenda na furaha nyingi na dalili nyingi kwa pamoja, umekamata wenye kuitikia tu. Sijapata njia nyingine rahisi kama hii ya kugundua tatizo hilo bila kuongeza gharama.

Ukichagua PHQ-9, swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usiliulize kama hujaandaa cha kufanya mtu akijibu ndiyo. Kabla ya siku ya kwanza nakuwa na jina na namba ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kituo cha afya kilichokubali kupokea watu, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lililo karibu. Mdodosaji hashauri wala haahidi kitu. Anamaliza kwa utulivu, anamwambia msimamizi siku hiyohiyo, na msimamizi anapanga rufaa kwa ridhaa ya mhojiwa.

Asili ya kijamii ndiyo sehemu inayopimwa kizembe kuliko zote. Watu huuliza umri, elimu, dini, kazi, wakafunga. Orodha ya mali za kaya, yaani bati, sola, pikipiki, televisheni, choo, chanzo cha maji, inatengenezwa kuwa kipimo kimoja cha utajiri kwa njia waliyoitumia Filmer na Pritchett mwaka 2001. Njia yenyewe ni nzuri. Lakini pikipiki ni ya nani? Nyumba yenye pikipiki na televisheni inaweza kuwa na mwanamke asiye na hata laini ya simu yake. Kwa hiyo nauliza vya mtu binafsi: una simu yako mwenyewe, akaunti ya pesa ya simu iko kwa jina la nani, uko kwenye kikoba, kuna kipande cha ardhi chenye jina lako, mara ya mwisho kununua dawa nani aliamua. Maswali haya matano yananieleza kuhusu nafsi ya mwanamke kuliko orodha nzima ya mali za kaya.

Kabila siulizi. Sensa ya mwisho kuliuliza Tanzania ni ya 1967, na watu wamezoea lisiulizwe. Ninachokihitaji ni utaratibu wa ukoo, nao unaulizika moja kwa moja: ardhi ya ukoo wenu inarithiwa na nani, na baada ya ndoa mlienda kuishi kwao nani. Kwa Waluguru, Wamwera, Wayao na Wamakonde ukoo umefuata upande wa mama. Kwa Wachaga na Wakurya unafuata upande wa baba. Lakini ndani ya kila mmoja, kuhamia mjini, dini na kuuzwa kwa ardhi vimebadilisha mambo, na ndiyo maana jina la kabila lingenidanganya.

Umri wa kuolewa nao hutajwa vibaya. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu hicho mwaka 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono mwaka 2019. Tangu hapo wahojiwa wengi wanajua jibu linalofaa. Nauliza kwa matukio: uliolewa kabla ya kumaliza shule au baada, mtoto wa kwanza alizaliwa kabla au baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere. Vivyo hivyo sababu ya kuacha shule: naandika mwaka, kwa sababu waraka wa Novemba 2021 uliowaruhusu waliojifungua kurudi darasani umetenganisha vizazi viwili vya wasichana.

Mpangilio wa maswali una uzito wake. Nafsi kwanza, asili katikati, mitazamo mwisho. Ukianza na kauli za mitazamo, mwanamke anayekumbuka aliyoyapitia atakuja kwenye swali la uchangamfu akiwa tayari ameinama. Yote yasizidi dakika 45.

Faragha siifanyii mzaha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2005 ulihusisha Dar es Salaam na Mbeya, na kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenza, asilimia 41 Dar es Salaam na 56 Mbeya walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenza wao. Maana yake, katika nyumba mbili utakazobisha hodi, karibu moja ina historia hiyo, na mume akijua mkewe aliulizwa nini anaweza kumwadhibu. Kwa hiyo utafiti unabeba jina la kawaida, kwa mfano "Afya na maisha ya kaya", kuanzia barua ya mkoa mpaka kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Kila kaya mtu mmoja tu. Wanawake na wanaume wanachukuliwa kutoka mitaa tofauti, ili mume asije akasomewa kauli zilezile jioni akaunganisha. Mwanamke anahojiwa na mwanamke, na mtoto aliyezidi miaka miwili hakai karibu. Mdodosaji ana ukurasa wa maswali ya lishe na maji: mtu akitokea, anahamia hapo bila kubadili sauti. Vibali vya maadili na vya utafiti, yaani NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) kwa Tanzania Bara, vinachukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, hivyo vianze mapema.

Kuhusu idadi ya watu, uhusiano wa 0.2 unahitaji watu karibu 194 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuuona. Uhusiano wa 0.1 unahitaji 783. Ukichukua watu 20 kila mtaa na mfanano wa watu wa mtaa mmoja ukawa 0.05, zidisha kwa 1.95, yaani 194 inakuwa karibu 380. Na ukitaka kujua kama uhusiano unatofautiana kati ya wanawake na wanaume, tofauti ya ukubwa uleule inahitaji mara nne zaidi. Wengi hawafiki hapo, kisha wanaandika kwamba hakuna tofauti. Waandike kwamba sampuli haikutosha.

Katika uchambuzi naanza na alfa ya Cronbach, yaani namba inayoonyesha kama kauli za kipimo kimoja zinakwenda pamoja, ya chuki na ya hisani kila moja peke yake, na kwa kila jinsia. Ikishuka chini ya 0.7 narudi kwenye kauli moja moja. Kisha naingiza kwenye hesabu asili ya kijamii kwanza, halafu chuki na hisani kwa pamoja, kwa sababu ukiingiza hisani peke yake itabeba mzigo wa chuki. Jambo moja la kuepuka: usiingize ukatili aliofanyiwa mtu kama kigezo cha kudhibiti, yaani kitu unachokishikilia kiwe sawa kwa wote kabla ya kulinganisha. Ukatili ni njia ambayo mtazamo wa chuki unapita kuifikia nafsi. Ukiudhibiti, umeziba njia halafu unashangaa mbona hakuna aliyepita.

Hisani ikibaki na uhusiano na furaha baada ya yote hayo, sikimbii. Hammond na Sibley walichapisha matokeo kama hayo kutoka New Zealand mwaka 2011: kwa wanaume, hisani ilienda moja kwa moja na kuridhika na maisha, kwa wanawake ilipitia imani kwamba mpangilio wa jinsia ni wa haki. Ndiyo maana swali kuhusu haki ya mpangilio huo lazima liwemo. Pia Dardenne na wenzake, Ubelgiji mwaka 2007, walionyesha kwamba wanawake waliotolewa maneno ya hisani katika mazingira ya kuomba kazi walifanya vibaya zaidi kwenye mtihani, kwa sababu akili yao ilijaa mashaka kuhusu uwezo wao. Mtu anaweza kuridhika na maisha na bado uwezo wake ukawa unaliwa polepole. Kipimo cha furaha pekee hakitalionyesha hilo, kwa hiyo naongeza maswali mawili au matatu ya kujiamini: unaweza kuzungumza mkutanoni, unaweza kuanza biashara bila kuomba ruhusa.

Wanaume wasiachwe. Uchambuzi wa Joel Wong na wenzake wa mwaka 2017, uliokusanya sampuli 78 zenye watu 19,453, uliona kwamba wanaume wanaoshikilia kujitegemea kwa kila kitu na kuwa juu ya wanawake wana afya ya akili duni zaidi, na hawatafuti msaada. Kwenye data ya kwetu nawaangalia hasa vijana wasio na kazi ya kudumu wanaoamini kwamba mwanaume ni lazima awe mlishaji. Imani hiyo na mfuko mtupu, vikikutana katika mtu mmoja, ni hatari kwake na kwa aliye naye ndani. Nauliza kipato cha mwezi uliopita na sio kazi tu, maana "biashara ndogondogo" inaweza kuwa chochote.

Matokeo nayarudisha kwenye mtaa kwa vikao tofauti, wanawake kwanza, wanaume baadaye, na kikao cha pamoja mwisho, tena pale tu wanawake waliposema wako tayari. Asilimia nazitoa kwa wilaya nzima. Sizitoi kwa kitongoji, ambako watu 12 waliohojiwa wanajulikana kwa majina na mtu anaweza kuhesabu nani alisema nini. Kauli ya "kuota pembe" ndiyo ninayoianzisha kujadili kwenye kikao cha wanaume, kwa kuwa kila mmoja ana la kusema juu yake, na afisa ustawi wa jamii wa kata anakuwepo kuanzia mwanzo hadi watu watakapotawanyika.